Kauli ya Kutendea na Hesabu ya Wafiadini: Uchunguzi wa Kisemantiki wa Dai la Vifo 100,000

1.0 Utangulizi

Hesabu ya kitu chochote hutanguliwa na fasili yake. Anayetaka kuhesabu miti ya shamba hana budi kuamua kwanza iwapo mgomba nao ni mti, na jawabu atakalolitoa litabadili jumla yake hata kabla hajaingia shambani. Kanuni hii ni nyepesi, lakini husahauliwa upesi pale vinavyohesabiwa vinapokuwa ni vifo vya watu. Wingi wa maiti humfanya msikilizaji aone haya kuuliza swali la maana ya neno, kwani huonekana kana kwamba anayeuliza anawadharau marehemu.

Mfano mzuri wa hali hiyo ni dai lililoenea sana kuanzia mwaka 2011, kwamba Wakristo wapatao 100,000 huuawa kila mwaka kwa ajili ya imani yao. Dai hilo limerudiwa mimbarini, magazetini, bungeni na katika vikao vya Umoja wa Mataifa. Vilevile limepata wakosoaji, baadhi yao wakiwa wanatakwimu na baadhi wakiwa ni Wakristo wanaoshughulikia uhuru wa dini kila siku. Aghalabu mjadala baina ya pande hizo umekuwa wa imani dhidi ya shaka: anayeikubali idadi huhesabiwa kuwa anawahurumia wanaoteswa, na anayeihoji huhesabiwa kuwa amewapa kisogo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha mgogoro huo ni cha kisemantiki. Idadi ya 100,000 haikutokana na kuhesabu watu mmoja mmoja, bali imetokana na kulipanua neno. Aidha, sarufi ya Kiswahili inayo nyenzo zinazouweka upanuzi huo bayana zaidi kuliko lugha ambazo dai hilo lilitungwa kwazo. Suala hili si la mbali kwa msomaji wa Kiswahili. Kazi iliyozaa takwimu hizo ilianzia Nairobi, na sehemu kubwa ya wafu waliomo ndani yake ni watu wa Kongo, nchi ambayo mashariki yake yote huzungumza Kiswahili.

2.0 Kutoka shahidi hadi mfiadini

Neno la Kiyunani martys, lililo asili ya istilahi inayotumika katika lugha nyingi za Ulaya, lilikuwa kwanza neno la mahakamani. Lilimtaja mtu aliyeona au kusikia jambo akalieleza mbele ya hakimu. Katika karne ya 2 Wakristo walianza kulitumia kwa mtu aliyeuawa kwa kuung'ang'ania ushahidi wake, na maana hiyo mpya ikaifunika ile ya zamani. Kiarabu kilipita njia hiyo hiyo kwa mzizi sh-h-d, na Kiswahili kikapokea neno shahidi pamoja na maana zake zote mbili. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili hashangai kusikia asubuhi kwamba shahidi wa upande wa mashtaka hakufika mahakamani, na jioni akasikia kwamba tarehe 3 Juni ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Waganda wenyewe huwaita Abajulizi, neno linalotokana na kitenzi cha kutoa ushahidi. Lugha tatu zisizo na nasaba moja zimeweka kitovu cha maana mahali pamoja: katika kauli ya mtu. Kifo ni matokeo ya kauli hiyo.

Neno mfiadini limeundwa kwa namna nyingine. Ni nomino ambatani ya kawaida, yenye kiambishi cha ngeli, kitenzi na yambwa, kama ilivyo mfanyabiashara. Ndani yake hamna ushahidi wala kauli. Kilichomo ni kifo, dini, na kiambishi kidogo -i- kinachoviunganisha viwili hivyo. Waliolibuni neno hili huenda walitaka kuepa utata wa shahidi, na kwa hilo walifaulu. Lakini kwa kuondoa ushahidi waliuhamisha mzigo wote wa maana kwenye kiambishi hicho, na kiambishi hicho, kama itakavyoonekana, kina tabia ya kubeba mambo mengi kwa wakati mmoja.

Hapa inafaa kuligusa pia neno la pili katika mjadala huu, yaani lile linalotaja kitendo chenyewe cha kuwaonea watu kwa dini yao. Kiswahili hakina neno moja lililokubalika. Mateso hutaja maumivu ya kila aina, yakiwemo ya ugonjwa. Dhuluma hutaja uonevu, hata wa kunyimwa ujira. Tafsiri ya Biblia ya Union Version, katika sura ya 5 ya Mathayo, ilichagua kitenzi udhi katika kauli ya kutendwa, chaguo ambalo kwa msomaji wa leo lina kichekesho chake. Katika matumizi ya kila siku kitenzi hicho kimefifia, na kuudhiwa sasa ni kukasirishwa tu, kama mtu anavyoudhiwa na redio ya jirani. Neno moja, basi, limeenea kutoka kwenye upanga hadi kwenye redio. Wakosoaji wa dai la mateso katika nchi za Magharibi wamelalamikia jambo kama hilo hilo: kwamba kuzuiwa kuvaa msalaba kazini, kuondolewa kwa sala katika kikao cha halmashauri, na kuchinjwa ufukweni huwekwa chini ya jina moja. Malalamiko hayo yana msingi, ingawa si kila anayeyatoa huyatoa kwa nia njema.

3.0 Tabia za kitenzi fia

Kitenzi fa, kikiongezwa kiambishi cha kauli ya kutendea, huwa fia. Wanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kwamba kauli hii haina maana moja. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Mzee alifia Tabora.
 b. Askari alifia nchi yake.
 c. Mtoto alimfia mama yake.
 d. Watu hawa wanafia nini?

Katika (1a) kijalizo cha kitenzi ni mahali. Tabora haikuwa sababu ya kifo wala lengo lake. Ndipo tu kifo kilipomkuta mzee. Katika (1b) nchi ni kitu ambacho kwa ajili yake askari alikubali kufa, na sentensi hiyo haiwezi kusemwa kwa usahihi juu ya askari aliyegongwa na gari akirudi likizo. Katika (1c) mama ni mwathiriwa wa kifo cha mwingine, naye ndiye atakayesemwa kuwa amefiwa. Sentensi (1d) ni tata. Anayeuliza aweza kuwa anataka kujua lengo la watu hao au chanzo cha vifo vyao, na mara nyingi yeye mwenyewe hajaamua. (Matumizi ya mitaani ya kumfia mtu kwa maana ya kumpenda kupita kiasi yanaachwa kando hapa, japo yanathibitisha jinsi kiambishi hiki kisivyochoka.)

Ni dhahiri kwamba nomino mfiadini ni ya kundi la (1b). Dini si mahali, wala si mtu anayeweza kufiwa. Kwa hiyo nomino hii inadai kwamba dini ndiyo iliyokuwa jambo linalobishaniwa baina ya muuaji na muuawa. Pia inadokeza, japo kwa sauti ndogo zaidi, kwamba muuawa alikuwa na namna ya kujiokoa akaikataa. Utata huzuka pale panapotolewa fasili yenye kijalizo cha mahali, kisha jina lenye maana ya lengo likabandikwa juu yake:

(2) a. Alifia katika mazingira ya dini.
 b. Alifia dini.

Mtu aweza kukubali (2a) na kukataa (2b) bila kujipinga. Mkulima aliyeuawa na majambazi njiani akitoka kanisani amefia katika mazingira ya dini. Atakayesema kwamba amefia dini atatakiwa kuthibitisha jambo la ziada.

4.0 Shaka ya zamani

Haitakuwa sahihi kudhani kwamba kuhoji hesabu za wafiadini ni desturi ya karne hii. Mwaka 1684 Henry Dodwell, mwanazuoni wa Kianglikana, alichapisha tasnifu kwa Kilatini akidai kwamba waliouawa chini ya Dola ya Kirumi walikuwa wachache kuliko masimulizi ya watakatifu yanavyosema. Mwaka 1776 Edward Gibbon aliendeleza hoja hiyo kwa hesabu. Alichukua wafiadini 92 ambao kwa kusoma kwake Eusebius aliwataja katika Palestina wakati wa mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Diocletian, akapima uwiano wa jimbo hilo kwa dola nzima, akafikia jumla isiyozidi watu 2,000. Ukokotoaji wake ulikuwa na udhaifu uleule atakaoshutumiwa nao kila anayekadiria dola kwa jimbo moja. Hata hivyo alikuwa ameanza na orodha ya majina, jambo ambalo si haba.

Katika miaka ya karibuni Candida Moss, kwa kitabu chake cha mwaka 2013, amezirudisha hoja hizo mbele ya wasomaji wengi. Anakubali kwamba Wakristo waliuawa, na wengine kwa ukatili mkubwa. Anachokataa ni simulizi ya karne tatu za msako usiokatika. Anatenganisha kuteswa kwa ajili ya dini na kushtakiwa kwa kuvunja sheria iliyowahusu watu wote. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana mno kwa sauti, na yumkini hoja imepata nguvu isiyo yake kutokana na mlingano huo. Kwa Kiswahili, ambamo kuteswa na kushtakiwa havifanani hata kidogo, hoja inabidi isimame kwa ushahidi peke yake.

Ushahidi huo upo, hasa kwa agizo la Kaisari Decius la mwaka 250 lililowataka wakazi wa dola kutoa sadaka kwa miungu mbele ya maofisa na kupewa hati. Hati zaidi ya 40 za aina hiyo, zilizoandikwa juu ya mafunjo, zimepatikana Misri. Mojawapo ni ya mwanamke aliyekuwa kuhani wa Petesouchos, mungu wa mamba. Kuhani huyo hakuwa na sababu ya kushukiwa Ukristo, lakini naye alipanga foleni. Kwa wenye shaka, hati yake inaonyesha kwamba agizo lilikuwa la utii wa raia, si msako wa Wakristo. Hoja hii ni nzuri ila haifiki mwisho wa njia. Sheria inayomtaka kila mtu avuke mto humsumbua zaidi asiyejua kuogelea, na aliyeitunga, akijua kwamba wapo wasiojua, hawezi kujitetea kwamba hakuwataja. Kuhani wa mamba alirudi nyumbani na hati yake. Mkristo aliyekataa alikwenda gerezani, na wengine hawakutoka.

5.0 Safari ya idadi moja

David Barrett alikuwa mmisionari wa Kianglikana na mtafiti aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 1982 ensaiklopidia yake kubwa ya Ukristo duniani ilichapishwa na Oxford University Press ikiwa imehaririwa Nairobi, na kwa upana wake hapakuwa na kazi ya kuilinganisha nayo. Kuanzia mwaka 1985 alikuwa akitoa kila mwaka jedwali la hali ya Ukristo, na baadaye kazi hiyo ikaendelezwa pamoja na Todd Johnson katika kituo cha utafiti kilichopo Massachusetts, Marekani. Ndani ya jedwali hilo umo mstari wa wafiadini.

Fasili waliyoitumia yaweza kuelezwa hivi: mfiadini ni mwamini wa Kristo aliyepoteza uhai kabla ya wakati wake, katika mazingira ya ushuhuda, kutokana na uadui wa binadamu. Msomaji aliyefuata mjadala wa sehemu ya 3.0 ataona mara moja kilichotendeka. Ushuhuda umekuwa mahali. Tena mahali hapo hapana mipaka, kwa kuwa watunzi wa fasili hiyo wanaeleza kwamba ushuhuda si kuhubiri tu bali ni mwenendo mzima wa maisha ya mwamini, awe alikuwa akiitangaza imani yake wakati wa kuuawa au la. Ikiwa kuishi kwa Mkristo ni ushuhuda, basi popote afiapo amefia katika mazingira ya ushuhuda, na kirai hicho chote hakichuji tena kitu. Kinachobaki ni sifa mbili: kwamba aliamini, na kwamba uadui wa binadamu ulichangia.

Haitakiwi kudhani kwamba watafiti hao walificha jambo. Fasili yao iliandikwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuisoma, na kwa madhumuni ya kiteolojia waweza kuwa na haki ya kuifasili istilahi yao watakavyo. Tatizo ni kwamba jedwali lilisafiri na fasili ikabaki nyumbani.

Kwa miaka kumi kati ya 2000 na 2010 kituo hicho kilikadiria wafiadini 1,000,000, yaani wastani wa 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2011, katika mkutano uliofanyika Hungaria, mwanasosholojia Massimo Introvigne aliutaja wastani wa 105,000 na kuugeuza kuwa mtu mmoja kila dakika tano. Hesabu yenyewe ni sahihi: 105,000 kwa mwaka ni kama 288 kwa siku, au 12 kwa saa. Mei 2013 Askofu Mkuu Silvano Tomasi, mwakilishi wa Vatikani mjini Geneva, alizungumza mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa juu ya Wakristo zaidi ya 100,000 wanaouawa kila mwaka kwa uhusiano fulani na imani yao. Neno fulani hapo linafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake.

Mwaka huo huo kipindi cha takwimu cha redio ya BBC kiliuliza vifo hivyo vilitokea wapi. Jawabu lilikuwa kwamba wapatao 900,000 kati ya 1,000,000 walikuwa wamekadiriwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Utaratibu ulikuwa kuchukua jumla ya vifo vya vita vya nchi hiyo, vilivyodhaniwa kuzidi 4,000,000, na kuihesabu takriban asilimia 20 kuwa wafiadini. Thomas Schirrmacher, mwanateolojia wa Kijerumani ambaye hakuna awezaye kumshuku kuwa adui wa Wakristo wanaoteswa, alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba idadi hiyo haitumiki.

Inafaa kusimama hapa kidogo, maana ndipo penye uzito. Vita vya Kongo vya kuanzia mwaka 1998 vilihusu madaraka, ardhi, madini, uraia, na majeshi ya nchi jirani. Kongo ni nchi ya Wakristo kwa sehemu kubwa mno, hivyo Wakristo walikuwa miongoni mwa waliokimbia na miongoni mwa waliowakimbiza. Uchunguzi wa shirika la International Rescue Committee uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria vifo vya ziada 5,400,000 kati ya mwaka 1998 na 2007. Wapo watafiti walioiona idadi hiyo kuwa kubwa mno, lakini ndani ya uchunguzi wenyewe jambo moja lilisisitizwa: wengi mno hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, zahanati zikiwa zimeporwa na mashamba yakiwa yamehamwa. Malaria haimwulizi mgonjwa dini yake. Mama aliyefiwa na mtoto porini Kivu akimkimbia mwenye bunduki aliyebatizwa kama yeye, anapoambiwa kwamba mtoto huyo ni mfiadini, hapewi heshima bali ananyang'anywa habari yake. Swali la nani aliyeleta bunduki, na kwa faida ya nani, linafunikwa kwa kitambaa cheupe.

Mabadiliko ya mwisho katika safari ya idadi hii yalikuwa ya njeo. Linganisha:

(3) a. Katika miaka ile kumi watu wengi waliuawa Kongo.
 b. Kila dakika tano Mkristo huuawa.

Kiambishi li- katika (3a) kinafunga tukio ndani ya wakati wake. Kiambishi hu- katika (3b) hakina wakati. Hutaja mazoea, kama jua huchomoza, na msikilizaji wa (3b) huamini kwamba hata anaposikiliza, mahali fulani mtu anapigwa panga. Mkataba wa kuundwa kwa serikali ya mpito ya Kongo ulikuwa umetiwa saini mwaka 2002, na ingawa mapigano ya mashariki hayakukoma, wastani wa miaka kumi haukuwa na ruhusa ya kugeuzwa kuwa mazoea ya dunia. Kwa upande mwingine, shirika la Open Doors, ambalo kazi yake ni kuwatetea Wakristo na ambalo halina sababu ya kuzipunguza hesabu, lilitaja Wakristo 4,998 waliouawa kwa sababu za imani katika kipindi cha ripoti yake ya mwaka 2024. Tofauti ya mara ishirini baina ya watetezi wa jambo moja haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa kuhesabu. Ni maneno mawili tofauti yenye umbo moja.

6.0 Jaribio la -ngali-

Je, kuna njia ya kuyatenganisha maneno hayo mawili? Sarufi za jadi zinakipa kiambishi -ngali- kazi ya kutaja sharti la wakati uliopita lisiloweza kutimia tena, japo wasemaji wengi wa sasa hukichanganya na -nge-. Kwa msaada wake yaweza kuundwa majaribio mawili:

(4) a. Kama asingalikuwa Mkristo, asingaliuawa.
 b. Kama angaliikana imani yake, asingaliuawa.

Sentensi (4a) hupima utambulisho. Sentensi (4b) hupima hiari. Mkristo aliyekataa kutoa sadaka wakati wa Decius hupita majaribio yote mawili. Vifo vya Kongo kwa jumla yake havipiti hata moja.

Kesi za Uganda ni ngumu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo kadhaa, wakiwemo Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na Waanglikana 23. Wanahistoria wenye shaka husisitiza siasa: hofu ya Wazungu waliokuwa wakiingia kutoka mashariki, kuuawa kwa Askofu Hannington huko Busoga Oktoba 1885, na utii wa vijana wa ikulu uliokuwa umehamia kwa bwana mwingine. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba mwaka huo baada ya kumlaumu Kabaka kwa kifo cha askofu huyo. Katika kesi yake haiko wazi kama (4b) ina jibu, maana kosa lake lilikuwa ni karipio. Kwa wale wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886, masimulizi yaliyohifadhiwa yanasema kwamba wanaosali waliamriwa kujitenga na wasiosali. Wakati huo siasa ilikuwa imejivika sura ya swali la dini, na vijana walijibu swali waliloulizwa. Kwamba Mwanga alikuwa na sababu zake za kiutawala hakuifanyi (4b) kuwa ya uongo. Ieleweke pia kwamba Waislamu waliouawa na Kabaka Mutesa miaka ya 1870, kwa kukataa nyama isiyochinjwa na Mwislamu na kukataa kusali nyuma ya mtawala asiyetahiriwa, hupita majaribio haya barabara ukibadili tu jina la dini. Nomino mfiadini haisemi ni dini gani.

Garissa inawaweka wenye shaka katika mtihani wao. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia katika chuo kikuu kishiriki cha mji huo wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walieleza jinsi Waislamu na Wakristo walivyotenganishwa. Wapo waliosema kwamba hilo lilikuwa kisasi kwa majeshi ya Kenya yaliyoingia Somalia Oktoba 2011, na kwamba kwa hiyo si suala la dini. Hoja hiyo inachanganya sababu ya shambulio na kigezo cha kuwateua wa kufa. Huenda sababu ilikuwa ya kisiasa, lakini kigezo kilikuwa dini, na (4a) ni kweli kwa wengi wa waliolala pale. Jaribio (4b) halina nafasi kwao. Hawakupewa jambo la kukana. Anayeshikilia kwamba bila (4b) hakuna mateso ya kidini anaibana istilahi kupita kiasi, kama Barrett alivyoilegeza kupita kiasi.

Kati ya Kongo na Garissa lipo eneo pana ambamo (4a) haina jibu la haraka, na Nigeria ndiyo iliyomo zaidi. Zaidi ya 4,000 kati ya wale 4,998 wa ripoti ya mwaka 2024 walihesabiwa huko. Katika majimbo ya kati ya nchi hiyo mfugaji kwa kawaida ni Mfulani na Mwislamu, mkulima mara nyingi ni Mkristo wa kabila jingine, na ugomvi ni wa malisho na maji. Kabila, kazi na dini vimelala kitanda kimoja, na kumwondolea marehemu dini tu katika sharti la -ngali- huku ukimwachia vingine ni zoezi la kubuni mtu ambaye hakuwapo. Kaskazini mashariki, ambako Boko Haram imechoma makanisa na imeua pia Waislamu wengi waliokataa mafundisho yake, jawabu hubadilika kijiji hadi kijiji. Oktoba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza kuirudisha Nigeria katika orodha ya nchi zinazotiliwa shaka kubwa kwa uhuru wa dini, orodha ambamo iliwahi kuwekwa mwaka 2020 na kuondolewa mwaka 2021. Serikali ya Nigeria ikakanusha. Orodha inaweza kubadilika kwa siku moja, ilhali kazi ya kuuliza (4a) kwa kila kijiji bado inasubiri wa kuifanya.

Ipo kesi nyingine ambayo majaribio yote mawili yanashindwa kuipokea. Desemba 2015 basi lilishambuliwa na Al-Shabaab katika kaunti ya Mandera. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 wa basi jingine la kaunti hiyo walikuwa wametengwa na Waislamu wakauawa. Mara hii abiria Waislamu, wengi wao wanawake, walikataa kutengana na wenzao Wakristo. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki hospitalini Januari 2016. Hakuwa Mkristo, hivyo jedwali la Massachusetts halimgusi. Hakukana wala kuungama imani yake, maana haikuwa imani yake iliyokuwa ikitafutwa. Waliompa heshima baada ya kifo chake waliweza kusema:

(5) Mwalimu aliwafia abiria.

Sentensi hii ni tata kwa namna iliyoelezwa katika (1). Yaweza kufasiriwa kama (1b), kwamba alikufa kwa ajili yao, na yaweza kufasiriwa kama (1c), kwamba abiria wamefiwa naye. Muktadha hauchagui moja, na pengine hakuna haja ya kuchagua. Yambwa ya kitenzi hapa ni watu na si dini, na kwa hiyo nomino mfiadini haiwezi kuundwa kutokana nayo.